Taa ya Karabai na Ng'ombe wa Ihumwa

Reli ilipokuwa bado mpya Dodoma, na watu wa vijijini walikuwa bado wanakuja kuigusa kwa ncha ya kidole waone kama ina moto, mimi nilikuwa karani wa stesheni. Ilikuwa enzi ya Mdachi. Nilikuwa kijana, nimesoma shule ya serikali, ninajua kuandika, kuhesabu, na Kijerumani cha kutosha kusema "ndiyo, Bwana" kwa namna tatu: ya kuelewa, ya kutoelewa na ya kuogopa. Kwa elimu hiyo nilijiona nimefika.

Kila siku nilivaa kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa buluu na kupigwa pasi ya mkaa, na kofia ya kushonwa kwa mkono niliyoilaza kidogo upande mmoja, nikiamini inapunguza ukubwa wa masikio yangu. Haikupunguza. Kuvaa kanzu nyeupe Dodoma, mahali ambapo upepo wa kiangazi huamka na vumbi lake alfajiri, ni kazi ya watu wawili: mmoja wa kuivaa na mmoja wa kuifua. Wa kuifua alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mjane, akikaanga vitumbua karibu na soko. Baba alikuwa mpagazi wa misafara, akaishia kulowea hapa Ugogo.

"Baba yako alitoka Bagamoyo na mzigo kichwani akafika Ujiji na kurudi," Mama aliniambia zaidi ya mara moja, "na sikumsikia akijisifu. Wewe unabeba kalamu toka hapa mpaka stesheni, mtaa mzima hatupumui."

Nilimsamehe. Nilidhani hajui dunia inakokwenda.

Basi siku moja asubuhi alifika stesheni mfugaji mmoja wa Ihumwa, mtu wa makamo, mrefu, amejifunga kaniki nyeusi begani, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinacheza akitembea. Begani alibeba ngozi ya ng'ombe. Hakuja dirishani kwangu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Bwana aliyesimamia njia ya reli, akaitandika ile ngozi chini kama mtu anayetandika mkeka wa wageni, akasimama kando yake.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa lugha ya kwao. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, "Huyu alikuwa mama wa zizi langu. Gari lenu limemuua."

Bwana alitoka. Alikuwa Mdachi mwembamba mwenye miwani, na tofauti yake na wenzake wa bomani ni kwamba wao walishika kiboko, yeye alishika futi ya kupimia. Alipima kila kitu. Niliwahi kumkuta akipima kivuli cha tangi la maji, na nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwa sababu hajui urefu wake. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama anapigilia misumari.

"Gari limeua wapi? Saa ngapi?"

"Pale mifugo inapovuka ikitoka kunywa maji. Jua limezama, giza limeanza. Kila siku tunavuka pale. Tulivuka pale kabla ya chuma chenu."

Bwana akamwita dereva wa gari la jioni. Alikuwa Mgoa, mnene, mwenye masharubu aliyoyapaka mafuta, na msalaba mdogo wa shaba aliouning'iniza karibu na mkono wa breki.

"Kwa nini hukumwona ng'ombe?"

"Bwana, ile taa ya mafuta inaangaza pua ya gari tu," dereva alijibu. "Jua likishazama mimi naendesha kwa kusali."

Bwana hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akatuambia kwamba taa mpya ya karabai imeshawasili toka Dar es Salaam, iko ndani ya sanduku. Dereva akafurahi, akasema taa ya karabai ni nzuri, watu wote wanaisifu.

"Nzuri kiasi gani?" Bwana akauliza. Dereva akavuta masharubu yake. "Nani amepima?" Akanigeukia mimi. Sikujua kwamba uzuri hupimwa. "Basi tutapima."

Alitueleza jambo lenyewe pale pale, akiwa amesimama juu ya mkia wa ile ngozi bila kujua. Kando ya reli zilipita nguzo za simu, zimepandwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo umbali tungeuhesabu kwa nguzo. Kwanza, tujue gari likienda mbio linahitaji nguzo ngapi mpaka lisimame. Pili, tujue dereva anaanza kukiona kitu kilichoko njiani kikiwa nguzo ngapi mbele yake. "Kama gari linahitaji nguzo tano kusimama," alisema, "na dereva anamwona ng'ombe akiwa nguzo tatu, huyo ng'ombe ameshakufa, ila hajajua."

Mfugaji aliitikia kwa kichwa. Nadhani ndilo neno la kwanza la Mdachi lililomwingia akilini. Akaiacha ngozi pale pale, akasema atarudi kuichukua siku atakaposikia jambo la maana, akaenda zake.

"Karani," Bwana akaniambia, "kazi hii utaifanya na mimi."

Jioni ile nilimwambia Mama kwamba nimeteuliwa kupima nuru. Nilisema hivyo hivyo, "kupima nuru," nikatulia nimsikilize atakavyoshangaa.

"Kwa kibaba au kwa pishi?" akauliza, akageuza kitumbua.

Katika mawazo yangu, kupima nuru kulikuwa kukaa ndani ya kichwa cha gari moshi, kalamu mkononi, upepo unanipiga usoni, nimetazama mbele kama nahodha. Siku ya kwanza tulipotoka kwenda kwenye njia iliyonyooka karibu na Ihumwa, nilipanda juu nikakaa. Bwana akaniambia nishuke.

"Mimi nahesabu nguzo," alisema. "Dereva anatazama. Wewe unaonekana."

"Ninaonekana, Bwana?"

"Unasimama katikati ya reli. Tunarudi nyuma mbali. Kisha tunakuja polepole. Dereva akikuona anapiga honi, mimi nahesabu. Ukisikia honi, unatoka."

Nikasema "ndiyo, Bwana," ile ya namna ya tatu.

Basi kwa majuma kadhaa hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Giza lilipoanza kuingia nilisimama juu ya mataruma ya reli, na gari lilinijia likiwa na taa yake. Usiku mmoja ilikuwa ile ya zamani ya mafuta, nyekundu, ya kusinzia, kama jicho la mtu aliyekesha ngomani. Usiku mwingine ilikuwa karabai. Karabai ilijazwa mawe ya kijivu na kudondoshewa maji, ikatoa mvuke wenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na Bwana alipouwasha mvuke huo ukatoka mwanga mweupe, na nguzo zote za simu zikaonekana kuruka mbele. Mara ya kwanza uliponipiga machoni nilifumba macho nikatamka shahada. Baadaye nilizoea, nikaanza hata kujipanga: mguu mmoja mbele, mkono kiunoni. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa rasmi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa, kila jioni nilivaa kanzu safi kuliko zote. Mama alifua mpaka vidole vyake vikageuka rangi ya buluu.

Hesabu zilipendeza. Kwa taa ya mafuta dereva alipiga honi nikiwa nguzo tatu mbele yake. Kwa karabai alipiga nikiwa nguzo saba. Jioni baada ya jioni, saba. Bwana, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alitabasamu. Gari likienda mbio lilihitaji nguzo tano kusimama. Tulishalijaribu hilo mchana. Saba ni zaidi ya tano. Akaandika amri: gari la jioni likifunga taa ya karabai halina haja ya kupunguza mwendo Ihumwa.

Mjini nilikuwa mtu mwingine. Pale wazee walipokunywa kahawa nilikaa katikati bila kukaribishwa, nikawaeleza jinsi nuru ilivyotoka nguzo tatu ikafika saba. Nilitumia neno "tuligundua." Mzee mmoja, muuza nguo, aliniuliza ni kitu gani hasa mimi nilikifanya katika huo ugunduzi. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu, ni vigumu kuyaeleza kwa watu wa kawaida. Kweli ilikuwa vigumu. Ningesemaje kwamba nilisimama?

Siku ya amri mpya kuanza, Bwana alinichukua ndani ya kichwa cha gari pamoja na dereva, toka Kikombo kuja Dodoma, na mabehewa ya abiria yakiwa nyuma yetu. Safari hii nilikaa juu. Upepo ulinipiga usoni kama nilivyouota. Jua lilikuwa limezama, mbele kumebaki utepe mwembamba wa rangi ya chungwa, na karabai ikawa inachonga njia nyeupe katikati ya vichaka vya miiba.

Tulipokaribia Ihumwa dereva aligeuka. "Bwana, nipunguze? Hapa ndipo wanapovuka."

"Taa inaona nguzo saba," Bwana akajibu. "Endelea."

Nami, ambaye sikuulizwa, nikasema, "Saba kamili."

Sikumwona yule fahali mpaka pembe zake zilipotokea. Alikuwa mweusi ti, amesimama ubavu katikati ya reli, na nadhani hata dereva aliona pembe kabla ya kuona mwili. Honi ililia, breki zikapiga kelele kama nguruwe wanaochinjwa, mimi nikarushwa juu ya makaa ya mawe. Ulisikika mshindo mmoja, si mkubwa. Gari liliendelea kuteleza, likateleza, ndipo likasimama.

Liliporudishwa nyuma polepole mpaka tukamfikia, fahali alikuwa ameshakufa kando ya reli. Mwenyewe alikuwa amefika. Nilimtambua kwa urefu. Hakupiga zile kelele ambazo nilikuwa nimejiandaa kuzituliza. Alichuchumaa, akashika pembe moja, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Wa pili," alisema.

Nikashuka. Nikasimama karibu naye, nikitumaini kusimama kwangu kutahesabiwa kama pole. Bwana naye akashuka. Alimtazama fahali, akanitazama mimi, akamtazama fahali tena, kisha akapanda juu haraka na kumwamuru dereva arudishe gari nyuma, mbali. Tukaachwa sisi wawili na maiti ya ng'ombe, taa ikitutazama na kuzidi kuwa ndogo.

Kutoka mbali sauti ya Bwana ikaja, kwa Kijerumani. "Karani! Nakuona!"

"Anasema nini?" mfugaji akaniuliza.

"Anasema ananiona."

"Na mimi?"

Nilimtazama na kaniki yake nyeusi. "Hajakutaja."

"Na fahali?"

"Naye hajatajwa."

Taa ikazidi kurudi nyuma. "Karani! Bado nakuona!" Na baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu anayeumwa na jino, "Bado!"

Gari liliporudi, Bwana alishuka taratibu. Alinishika kanzu begani kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Siku zote zile ulivaa hii?"

"Siyo hii tu, Bwana. Ninazo tatu. Zote nyeupe. Mama anazitia buluu."

Alifumba macho. "Hatukupima taa," alisema. "Tumepima kanzu."

Dereva alisema kitu kwa lugha yao ya Goa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa kutonijalia kuijua. Mfugaji alitaka nimfafanulie. Nikamfafanulia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: kwamba tulitaka kujua ng'ombe anaonekana umbali gani, tukajua mimi naonekana umbali gani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Lakini wewe," akasema, "nani alikuwa na shaka kwamba unaonekana?"

Kesho yake ile amri ilifutwa, na Bwana akasema tunaanza upya, kwa ng'ombe wa kweli. Alinituma Ihumwa nikaombe kuazima mmoja. Nilimkuta mfugaji mbele ya tembe lake, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikayanywa, nikatoa ombi langu kwa maneno mazuri.

"Wawili mmewaua bila kuniomba," alisema. "Huyu wa tatu mnaniomba ili iweje? Mpate kumuua kwa adabu?"

Nilirudi na jibu hilo. Bwana alilifikiria, akasema mtu huyu ana haki. Macho yake yakatembea ofisini, yakatoka mlangoni, yakafika kwenye ile ngozi ya kwanza iliyokuwa ingali pale, sasa imeegemezwa ukutani, imekauka, imepauka, inzi wameifanya msikiti wao. Kisha yakarudi kwangu. Nilielewa kabla hajafungua kinywa.

"Bwana, wapagazi wako wengi pale nje," nilisema.

"Wapagazi wameshakataa. Niliwauliza asubuhi."

Kumbe wapagazi walikuwa na uwezo wa kukataa. Jambo hilo shuleni hawakutufundisha.

Habari zina miguu. Jioni ya jaribio Ihumwa ilijaa watu kama kuna ngoma: wanaume na fimbo zao, wanawake na watoto migongoni, na watu wa mjini waliokuja kwa miguu kutazama karani wa stesheni akigeuzwa mnyama. Mama naye alikuja, na sinia la vitumbua, akauza vyote kabla jua halijazama. Baadaye alinieleza kwamba mama mwenye akili hapotezi soko.

Nilivua kanzu nikabaki na shuka ya kaniki, nikajitwika ile ngozi. Ilikuwa ngumu kama mlango, na ilinuka kiasi kwamba nilipumua kwa mdomo, nikapata na ladha yake. Bwana alisema ng'ombe hasimami kwa miguu miwili. Nikainama, nikaweka viganja juu ya mataruma. Watu walicheka kicheko kile kinachoanza kwa mmoja, kikapita kwa wote, kikarudi. Mfugaji akatoka katikati yao akanizunguka.

"Umeivaa kinyume," alisema. "Shingo iko huku."

Akaigeuza mwenyewe, akaivuta ikae sawa mgongoni, akapapasa bega langu, au la ng'ombe, sijui. Akarudi nyuma akatazama. "Rangi ni yake," alisema. "Ila marehemu hakuwa na miguu ya korongo."

Gari likarudi nyuma. Giza likaingia. Niseme ukweli kuhusu kuwa ng'ombe: shida yake ni kwamba huoni vizuri. Nilikuwa natazama kokoto. Nilisikia reli ikianza kuimba chini ya viganja vyangu, kwanza kama mbu, kisha kama nyuki. Nikainua uso, nikaiona taa, bado ndogo. Nikangoja honi. Reli ikazidi kuimba. Taa ikakua. Nikangoja honi. Nikaanza kufikiri kwamba huenda dereva ananiona ila ana kinyongo. Nikafikiri kwamba Mgoa yule alisema anaendesha kwa kusali. Nikamfikiria yule fahali mweusi na mshindo ule usio mkubwa, na hapo miguu yangu, ambayo haikunishauri, ikaondoka. Sikuhisi hata kama nilikuwa bado nimebeba ngozi. Nilijikuta ndani ya kichaka cha miiba, uso chini, nikisikia gari likipita na honi ikilia wakati imeshachelewa.

Ngozi ilikuwa imebaki njiani. Magurudumu yalipita juu yake.

Bwana alikuja mbio, uso wake mweupe kuliko kanzu zangu zote. Alipoona nina kichwa na miguu yote, akakumbuka kazi. "Ulikimbia gari likiwa umbali gani?"

"Karibu sana, Bwana," nilisema, nikichomoa miiba. "Labda nusu nguzo."

"Nusu nguzo!" mfugaji aliunga mkono kwa sauti. "Nguzo nne nzima zilikuwa zimebaki! Tulidhani anakwenda kujisaidia!"

Umati ukathibitisha. Wapo walioapa ni nguzo tano. Bwana aliandika, akafuta, akaandika tena, kwa kuwa hakujua sasa anapima nini: uwezo wa taa, au wa karani. Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alisogea na sinia lake tupu chini ya kwapa.

"Bwana, shikamoo. Andika hivi: ng'ombe wote wakiwa na akili za huyu wangu, taa haihitajiki."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akinisifu hadharani, nami nilikuwa nusu uchi na nina miiba matakoni.

Nilipokuwa nimelala kifudifudi siku mbili tatu zilizofuata, Mama akinitoa miiba kwa sindano, ndipo wazo la kwanza la maana katika kazi ile liliponijia. Wengine hupata mawazo kwa kusoma. Nilikwenda kwa Bwana, nikiwa nimesimama kwa kuwa kukaa kulikuwa bado kugumu, nikamwambia kwamba miti inaweza kuvikwa ngozi. Aliweka futi yake mezani.

"Kwa nini hatukufikiri hivyo mwanzoni?"

Nilikuwa na jibu, lakini halikuwa la kumwambia Mdachi.

Fundi seremala wa reli akatengeneza umbo la ng'ombe kwa miti, tukalivika ngozi ya yule fahali mweusi, ambayo mfugaji aliitoa mwenyewe baada ya Bwana kwenda kwake kwa miguu na kuketi kwenye kigoda chake. Sikuwapo, walielewana vipi sijui. Tulilisimamisha ubavu, tukalisimamisha uso kwa gari, tukalipeleka penye mteremko na penye kona. Wakati huu nilikaa ndani ya kichwa cha gari na kalamu, nami nikajifunza kuandika kile kilichotokea badala ya kile nilichotamani. Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza dereva alipopiga honi mkono wangu uliandika "tatu" wenyewe, kwa mapenzi yake, na ilibidi nilikate neno hilo na kuandika "mbili."

Mbili ndiyo iliyokuwa kweli. Kwa karabai, fahali mweusi alionekana akiwa nguzo mbili, au kidogo zaidi, na kwenye kona pungufu. Kwa taa ya mafuta hakuonekana kabisa mpaka tulipompiga. Seremala alimtengeneza upya. Na gari la mbio bado lilihitaji nguzo tano. Bwana aliyatazama makaratasi yale jioni nzima, ameweka kidevu mikononi. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameipenda ile taa.

"Basi hakuna taa ya kutosha," alisema hatimaye. "Ni lazima gari lipunguze mwendo mpaka liweze kusimama ndani ya nguzo mbili."

"Nilisema hivyo," dereva alinong'ona. "Niliomba kupunguza."

"Ulisema," Bwana alikubali. "Lakini hukupima."

Amri mpya ikatoka. Gari la jioni likawa linatambaa toka kabla ya Ihumwa mpaka baada yake, na likawa linachelewa Dodoma. Waliolalamika dirishani walikuwa wengi: wafanyabiashara, maaskari, hata padri mmoja. Nilipowaambia ni kwa ajili ya ng'ombe walinitazama kwa jicho ambalo nilikuwa nimeshalizoea, kwa maana mji mzima uliniita Karani Ng'ombe. Watoto walinipigia mluzi wa kuchungia. Muuza nguo pale kwenye kahawa alinitengea nafasi na kuuliza kama nitakunywa au nitalamba chumvi. Nilikunywa. Nilikuwa nimeacha kusema "tuligundua."

Jioni ya kwanza ya mwendo ule mpya tulikuwa tena watatu mle juu. Dereva alipunguza mwenyewe bila kuuliza mtu. Kundi lilikuwa linavuka. Tuliona ng'ombe wa kwanza, dereva akafunga breki, gari likasimama kwa upole, mvuke ukitoka, na bado kulikuwa na nafasi ya kutosha mbele yetu. Mfugaji alikuwa upande wa pili, akihesabu wanyama wake kwa fimbo. Alituinulia mkono mara moja, akaendelea na kazi.

Walivuka bila haraka yoyote. Mwishoni mtamba mmoja alifika katikati ya reli, akasimama, akakojoa kwa muda mrefu, kisha akageuka kuitazama taa. Macho yake yakawaka. Yalikuwa mawili madogo ya kijani, yanang'aa kama mtu ameyawasha kwa ndani.

Bwana alishika mkono wangu.

"Macho," alisema. "Ng'ombe wetu wa miti hakuwa na macho! Labda akitazama gari anaonekana kutoka mbali zaidi. Hatukupima macho." Aliinama mbele, miwani ikimteremka puani, futi ya kupimia imetokeza mfukoni. "Karani, kesho jioni..."

"Kesho naumwa, Bwana," nilisema.

Mtamba akamaliza, akavuka. Dereva akaachia breki.